Zawadi ya Mikono ni ya Nani?

Liko neno ambalo watu hulisema kwa wepesi sana, ya kuwa zawadi iliyotengenezwa kwa mikono ya mtoaji yaipita zawadi iliyonunuliwa dukani. Wenye hekima wengi wamelisema. Ralph Waldo Emerson wa Marekani, katika insha yake fupi juu ya zawadi iliyotoka mwaka 1844, alishikilia kwamba mtu hajatoa kitu kama hajatoa sehemu ya nafsi yake, na ya kwamba ni jambo baridi kwenda dukani kumnunulia rafiki kitu kisicho na maisha ya mnunuzi ndani yake. Hapa kwetu nasi twasema kutoa ni moyo, si utajiri. Na tukimwona mtu aliyekesha siku nyingi akimtengenezea mwenzake kitu, twamsifu kabla hatujakitazama kitu chenyewe.

Mimi sikusudii kulibatilisha neno hili. Nataka kulipima tu, maana mna jambo ndani yake lisilosemwa. Mkeka, kigoda na kikapu huonekana pande zote. Mpokeaji akiketi juu ya kigoda akaona kinayumba, amekwisha kukijua. Lakini viko vitu ambavyo mpokeaji hawezi kuvipima, tena vyaweza kumdhuru. Na hapo ndipo tutakapoona kama moyo peke yake watosha. Basi nimechagua kitu kimoja cha namna hiyo, ambacho watu wa Marekani na Ulaya hupenda kukitengeneza nyumbani na kuwapa jamaa zao. Nacho ni amplifaya ya gitaa, ile ya vali.

Vijana wa kwaya zetu wajua amplifaya ni nini. Gitaa la umeme lenyewe halisikiki mbali. Nyuzi zikitetemeka juu ya sumaku zilizozungushiwa waya, huzaa umeme mdogo sana, na amplifaya huukuza umeme huo hata uweze kuisukuma spika. Siku hizi nyingi hufanya kazi hiyo kwa transista, chombo kidogo kilichovumbuliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani. Zamani ilifanywa na vali, yaani zile chupa za kioo zilizowaka ndani ya redio za wazee wetu. Mmarekani Lee de Forest alitengeneza vali ya kwanza yenye gridi mwaka 1906. Ndani ya chupa hewa imeondolewa. Waya mwembamba hupashwa moto, na chembe za umeme hutoka katika kathodi na kulirukia bamba lenye volti nyingi. Na katikati ya njia pamewekwa gridi ya waya. Aliyezaliwa Uchagga atafahamu upesi. Maji ya mfereji ni mengi na yana nguvu, lakini hata mtoto aweza kuyaelekeza kwa kuondoa bonge la udongo penye mlango wa shamba. Umeme mdogo wa gitaa ndio mkono wa mtoto, na umeme mkubwa wa ndani ya vali ndio maji.

Redio ziliziacha vali tangu miaka mingi, lakini wapiga gitaa hawakuziacha. Sababu yake nitaieleza mbele kidogo, maana yalihusu swali letu.

Mtu anayetaka kutengeneza amplifaya mara ya kwanza, mara nyingi hufuata mchoro wa ile ndogo iitwayo Champ, iliyotoka katika kiwanda cha Leo Fender huko Fullerton, California, katika miaka ya 1950. Ina vali tatu tu: 12AX7 ya kukuza mwanzo, 6V6 ya kutia nguvu, na 5Y3 ya kuugeuza umeme wa nyumba upate kwenda upande mmoja. Nguvu yake ni kama wati 5. Fender mwenyewe alikuwa fundi wa redio, akafungua duka lake la kuzitengeneza mwaka 1938. La ajabu ni kwamba hakujua kupiga gitaa. Alifanya hivi: aliwapa wapigaji vyombo vyake wavijaribu, akasikiliza malalamiko yao, akarudi mezani kubadili. Hakuweza kusema, “Mimi nasikia vizuri, basi ni vizuri.” Ilimlazimu kuyategemea masikio ya mtu mwingine. Naona jambo hili ni heri kwa kila atengenezaye kitu kwa ajili ya mwenzake.

Sasa tuwaze baba mmoja huko Marekani, karani au dereva, ambaye mwanawe wa miaka 17 ameshikwa na mapenzi ya gitaa. Siku ya kuzaliwa ya kijana iko mbele miezi mitatu. Baba aagiza transfoma mbili, moja ya kupokea umeme wa nyumba na moja ya kuihudumia spika. Aagiza rezista na kapasita chache zinazoweza kuenea katika kiganja, soketi za vali, swichi, fyuzi, na spika ya inchi 8. Akata mbao za msonobari, azikutanisha pembeni kwa meno yanayoumana, azipaka vanishi mara tatu. Kila jioni baada ya chakula aketi na chuma cha kulehemia mkononi, moshi wa lehemu ukipanda mbele ya miwani. Lehemu iliyoshika huenea juu ya waya na kung'aa. Isiyoshika husimama kama tone la uji lililopoa. Yaonekana imeshika, kumbe imelala juu tu. Amplifaya yenye lehemu ya namna hii yaweza kulia vema mwezi mzima, ikanyamaza siku ya shughuli.

Sanduku likiisha kufungwa, nani ataona? Kijana ataona mbao na vanishi, mshikio wa ngozi, na ile taa nyekundu ya mbele. Ataisifu kazi ya baba yake kwa hayo. Lakini kazi yenyewe iko ndani, mahali ambapo huenda asipachungulie maisha yake yote.

Na humo ndani mna volti zaidi ya 300. Tena mna kapasita za kuusafisha umeme, ambazo huweka akiba kama mtungi uwekavyo maji. Hata plagi ikiisha kutolewa ukutani, akiba hiyo yaweza kubaki na kumpiga atiaye mkono. Kwa hiyo mafundi wazee huwaonya wanafunzi wao kutia mkono mmoja mfukoni wakati wa kupima, umeme usipate njia ya kutoka mkono huu kwenda mkono ule kupitia kifuani. Iko rezista moja ya bei ndogo sana ambayo ikiungwa kwenye kapasita huimwaga akiba hiyo polepole kila chombo kinapozimwa. Amplifaya hulia vilevile ikiwa nayo au ikiwa haina. Hakuna sikio duniani litakalotambua kwamba haimo. Mwenye kuitia hatasifiwa, na mwenye kuiacha hatalaumiwa, mpaka siku ambayo mtu mwingine atafungua chombo akitafuta ubovu.

Nadhani hapo Emerson hakufika, ingawa sina ugomvi naye. Kama zawadi ni sehemu ya nafsi ya mtoaji, basi sehemu ipi? Ile iliyopakwa vanishi, au hii isiyosikika? Twapenda kuitoa ile tunayotaka ionekane.

Tena kuna jaribu la pili, nalo lina sura nzuri zaidi. Amplifaya nyingi za Marekani za miaka ile zilikuwa na plagi ya miguu miwili, pasipo waya wa ardhini. Nyingi zilikuwa pia na kapasita iliyounga waya wa umeme wa nyumba na bati la chombo, ili kupunguza mngurumo. Kapasita hiyo ikiharibika, umeme hufika kwenye bati. Na bati limeungana na nyuzi za gitaa, na nyuzi zimo mkononi mwa mtu. Mafundi wa leo huiita kapasita ya mauti, nao huikata na kuitupa pindi wanapoiona. Walakini wako wapenda mambo ya kale ambao hutaka kila kitu kiwe kama kilivyokuwa, hata waya uvikwe kitambaa kama wa mwaka 1955. Huita hivyo uaminifu. Uaminifu kwa nani? Mchoro hauna mikono wala moyo wa kusimama. Atengenezaye kwa ajili ya kuuza makumbusho afanye apendavyo. Lakini atengenezaye kwa ajili ya mwanawe hana budi kutia plagi ya miguu mitatu, na waya wa ardhini uungwe kwenye bati kwa skrubu yake peke yake, hata ikiwa mchoro hauujui.

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, aliliuliza swali ambalo lakaribia sana jambo letu. Katika kitabu cha tisa cha maandiko yake ya maadili yaitwayo ya Nikomako, alitaka kujua kwa nini watendao wema huwapenda waliotendewa kuliko wanavyopendwa nao. Akajibu kwamba ni kama fundi na kazi yake. Kila fundi huipenda kazi ya mikono yake kuliko vile kazi ile ingalivyompenda kama ingalipewa uhai, maana ndani yake huuona uhai wake mwenyewe. Na washairi, alisema, ndio wamezidi. Neno hili ni kweli, tena lachoma. Lamaanisha ya kuwa baba yule aliyeketi na chuma cha kulehemia anazo pendo mbili kwa wakati mmoja, la kijana na la chombo, na jioni ikiwa ndefu aweza kusahau ni lipi linalomkesheza.

Dalili zake hazifichiki. Wati 5 za vali katika chumba cha kulala ni sauti ya kutosha kuwaamsha majirani. Lakini yuko baba ambaye akiisha kujua ile ndogo huiona rahisi mno, akajenga ya wati 50, kwa sababu ile kubwa ndiyo inayomfurahisha fundi. Kijana alitaka nini? Huenda alitaka chombo chenye tundu la kuchomekea spika za masikioni, apate kujifunza usiku asimwamshe mdogo wake. Champ ya asili haina tundu hilo. Baba angalijua kwa kuuliza, lakini kuuliza kungaliharibu ile ajabu ya siku ya kufungua. Nami huuliza daima: ajabu hiyo ni furaha ya nani zaidi, ya mwenye kufungua au ya yule aliyesimama pembeni akimtazama anayefungua?

Hapa yafaa kulisema na lile jambo ambalo wasifuo kazi ya mikono hawapendi kulisikia. Mara nyingi amplifaya ya dukani ni zawadi bora. Imekaguliwa, ina hati ya dhamana, na ikiharibika mpokeaji huirudisha pasipo kumwonea haya mtu. Wala ya nyumbani haiwi rahisi kwa bei. Transfoma, vali na spika zikinunuliwa moja moja, gharama mara nyingi huipita ile ya dukani. Basi anayechagua kutengeneza hawezi kujitetea kwa fedha. Amechagua kwa sababu nyingine, na ni wajibu wake kuijua sababu hiyo.

Sasa zawadi imetolewa. Kijana amechomeka gitaa lake, na jambo la kwanza alilofanya ni kuzungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Sauti iliyotoka si ile safi aliyoitaka baba. Ni sauti iliyokwaruza, iliyopasuka, kama mtu apazaye sauti mpaka koo likakauka. Baba ashtuka. Miezi mitatu amehangaika kuuondoa mngurumo na mkwaruzo, na mwanawe ameutafuta mkwaruzo kwa makusudi!

Hii ndiyo sababu niliyoahidi kuieleza. Vali ikitakiwa kutoa zaidi ya uwezo wake, haikatizi ghafula. Huyabana mawimbi ya sauti kwa namna inayopendeza masikio ya wengi. Watengenezaji wa miaka ya 1950 waliona hilo kuwa kasoro. Fender alitafuta sauti iliyo safi. Wapigaji ndio walioigeuza kasoro kuwa tunu. Mwaka 1951 huko Memphis, kundi la Ike Turner lilifika kurekodi wimbo uitwao Rocket 88 katika studio ya Sam Phillips, na amplifaya yao ilikuwa imeharibika njiani. Walishindilia karatasi katika spika iliyochanika, wakarekodi hivyo hivyo, na mkwaruzo ule ukawa sehemu ya sifa ya wimbo. Mwaka 1964 kijana mmoja wa London, Dave Davies wa kundi la Kinks, aliichana kwa wembe karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo kwa makusudi, akapata sauti ambayo ulimwengu mzima ukaisikia katika You Really Got Me. Fikirini kama amplifaya ile ingalikuwa zawadi ya mikono ya baba yake!

Basi nasema kwamba hapo haki ya mtengenezaji imekwisha. Kijana aweza kuichana spika. Aweza kuyapaka masanduku rangi ya kijani juu ya vanishi ile ya mara tatu. Aweza kuiuza mwakani ili anunue nyingine, na baba asiulize fedha zilikwenda wapi. Watu wengi hapa hukwama. Husema, “Nilikaa usiku sitini, naye aliiuza kwa siku moja.” Lakini zile usiku sitini hazikuwa mkopo. Aliyezihesabu na kuzidai alikuwa amekodisha, hakutoa.

Lakini je, wajibu nao umekwisha pamoja na haki? Hili ndilo lililonifanya kuandika, na jibu langu ni kwamba haukwisha. Anayechimba kisima katika uwanja wa jirani yake kwa wema hana amri tena juu ya maji, wala hawezi kusema nani ateke. Walakini kama alijenga ukingo wake kwa mawe yasiyoshikana, na mtoto akatumbukia, hatasema ya kwamba kisima si chake. Twaona ya kuwa amri juu ya kitu na dhima ya kitu ni mbili. Hutembea pamoja kwa muda, kisha hufika njia panda, na mtoaji huachwa na ile iliyo nzito. Mwenzangu mmoja niliyemweleza hivi alisema kwamba si haki, maana mtu asiye na amri asidaiwe. Kwa mambo ya kununua na kuuza huenda amesema vema. Lakini mpokeaji wa zawadi hakupatana bei, wala hakuchagua kati ya vitatu, wala hakuomba kukaguliwa. Alifumba macho akapokea kwa sababu alimwamini mtoaji. Dhima yatoka katika imani ile.

Tena liko neno gumu zaidi, hasa katika nyumba zilizolelewa kwa heshima kama zetu. Mpokeaji wa zawadi ya mikono hawezi kulalamika. Kitu cha dukani kikinguruma, kijana husema, “Baba, hiki kibovu.” Kilichotengenezwa na baba kikinguruma, kijana hunyamaza. Huona haya. Atapiga gitaa lake juu ya mngurumo mwaka mzima, na akiulizwa atajibu, “Ni nzuri sana, baba, asante.” Mngurumo haumuui mtu. Lakini siku moja ataimba huku anapiga, na midomo yake ikigusa maikrofoni atasikia mchomo mdogo, kama wa sisimizi. Huo ni umeme unaotafuta njia kati ya bati la amplifaya na bati la maikrofoni, na njia yenyewe ni mwili wake. Mpiga gitaa Leslie Harvey, mtu wa Scotland, alikufa jukwaani huko Swansea mwaka 1972, mbele ya watu waliokuja kusikiliza, alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa imeungwa ardhini sawasawa. Chombo kile hakikuwa zawadi ya mtu. Nakitaja ili tusidhani ya kwamba mchomo wa midomo ni jambo la mzaha. Basi kijana amesikia mchomo, na heshima yamzuia kusema. Hapo upendo wa pande zote mbili umekuwa mlango wa hatari, wala hakuna aliye na nia mbaya.

Kwa sababu hiyo naona mtoaji hana ruhusa ya kungoja aambiwe. Ni yeye aanze. Amwambie mpokeaji siku ile ile ya furaha, hata ikipunguza utamu wake kidogo, “Mwanangu, nimeitengeneza mimi, na mimi si fundi mkubwa. Ukisikia mchomo, au harufu ya kuungua, au fyuzi ikikatika mara mbili, zima, chomoa, uniambie. Hutaniudhi.” Tena ampeleke kwa fundi mwingine aipime kabla ya kuitoa. Wengine hujaribu chombo kipya kwa kukipitishia umeme katika balbu ya kizamani ya waya. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, mahali fulani ndani njia zimegusana. Ni jaribio zuri, lakini jicho la pili lapita balbu. Namjua baba wa kuwaza wetu hatapenda kufanya hivyo, maana fundi yule ataiona lehemu iliyolala.

Yafaa niseme neno kwa sharika zetu pia, kwa kuwa sisi hupokea vyombo kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Umeme wa nyumba huko Marekani ni volti 120, nao wa Tanzania ni volti 230. Amplifaya iliyojengwa kwa upendo wote kwa ajili ya volti 120 ikichomekwa ukutani kwetu, transfoma yake hupokea karibu mara mbili ya stahili yake, na kama fyuzi haikuwahi, moshi hutoka. Transfoma yenye nyaya za volti zote mbili hupatikana, na tofauti ya bei si kubwa. Yataka tu mtoaji awe ameuliza chombo kitaishi wapi. Vilevile waya wa ardhini haufai kitu kama soketi ya ukutani haina ardhi nyuma yake, na majengo ya namna hiyo tunayo. Kuipokea zawadi na kumwita fundi wa umeme kabla ya kuiwasha si kumdharau aliyeitoa. Wanakwaya waambiwe hivyo na mwalimu wao, wasidhani ni utovu wa shukrani.

Limebaki swali moja ambalo sina hakika kwamba wote watakubaliana nami. Kuna furaha katika kuitwa. Baba apenda siku moja kijana, akiwa mtu mzima katika mji wa mbali, apige simu na kusema, “Baba, amplifaya imenyamaza, nifanyeje?” Nani atamlaumu? Hata mimi ningeipenda simu hiyo. Lakini wako watengenezaji ambao, pasipo kujua, huacha chombo katika hali ambayo hakuna mwingine awezaye kukitengeneza: nyaya zote rangi moja, hakuna alama, hakuna mchoro, mabadiliko waliyoyafanya yamo vichwani mwao tu. Wao wenyewe wamekuwa sehemu ya chombo. Na baba hufa. Simu ikilia siku hiyo itakuwa haina wa kuipokea, na fundi wa mji ule atafungua sanduku, atatazama, atalifunga tena.

Masanduku ya Fender yalibandikwa ndani karatasi ndogo iliyoonyesha vali ipi hukaa wapi. Huenda kiwanda kilifanya hivyo kwa faida yake, lakini fundi yeyote wa mji wowote aliweza kuisoma. Baba naye aibandike ya kwake, kubwa zaidi: mchoro wote kama ulivyojengwa, si kama ulivyokuwa kitabuni, volti alizozipima penye kila mguu wa vali siku ya kwanza, ukubwa wa fyuzi, na onyo kuhusu zile kapasita kwa maandishi mekundu. Akitaka kuandika jina lake, aliandike papo hapo, penye kona, palipo na macho ya fundi tu. Vali siku hizi hutengenezwa katika viwanda vichache sana, huko Slovakia, Urusi na China, na mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, wapigaji wengi waliona jinsi upatikanaji wake ulivyo mwembamba. Kwa hiyo 6V6 moja ya akiba iviringishwe katika kitambaa na kufungwa kwa uzi kwenye pembe ya sanduku, mbali na joto, pamoja na fyuzi tatu.